Rangi ya Kucha kwenye Shokapu

Siku tuliyomzika kaka yangu Kuo-tung, rafiki zake walikula chakula cha matanga huku macho yao yako kabatini. Juu yake kilikaa kigari chake cha rimoti, cha kukwea mawe, kikubwa kama paka aliyelala. Niliwasikia wakinong'ona: huyu anaitaka mota, yule magurudumu.

Chama chao cha vigari kina desturi. Mwenzao akifa, kigari chake kinapandishwa mara moja kwenye mwamba wanaouita Mgongo wa Nyati, mtoni hapa Tungshih. Kikifika juu, kinarudi kwa mjane kizima. Kikianguka, kinafunguliwa papo hapo na wao wanagawana vipuri. Kabla ya siku hiyo watu wa nyumbani wanaweza kukirekebisha, ila kipuri kipya ni marufuku.

"Wifi, hawanitafunii hiki," aliniambia Pi-hsia, mkewe. Yeye huuza maandazi ya mvuke sokoni, lakini miaka yote ndiye aliyemshikia kaka tochi akifunga na kufungua.

Tulikiweka kwenye meza ya jikoni. Matako yake yalikuwa juu kama ya bata. Tulipokijaribu kwenye ubao tulioinamisha, mota ilivuta, mwili ukajipinda, gurudumu la nyuma la kulia likaning'inia hewani, kikabiringika.

"Hakikuwa hivi," alisema, akachukua bisibisi. Shokapu za nyuma, zile springi za kupunguza mtikisiko, zilimwachia vidoleni mafuta meusi, mazito kama makamasi. Akazigeuza kwenye mwanga. "Kuo-tung alikuwa akitia tone la rangi yangu ya kucha kwenye kila skrubu, isilegee. Ona za mbele, nyekundu. Hizi hazina kitu. Si zake."

Tulitazamana. Kaka alipolazwa hospitali, Ku Tien-lai, rafiki yake wa tangu utoto, alikuja kukichukua kigari "akitunze". Alikirudisha siku ya msiba, akalia kuliko sisi.

"Twende tukamuumbue!" nikasema.

"Kwa lipi, wifi? Atasema mjane kachanganyikiwa."

Basi akafanya kazi na uchafu aliopewa. Ncha za juu za shokapu alizihamishia kwenye matundu ya fremu yaliyo chini na mbele zaidi, zikalala, na matako yakashuka. Kisha akatoa mpira mkuukuu uliofunga boksi la chakula chetu cha mchana, akaukaza upande wa kulia, toka kwenye fremu hadi kwenye ekseli, ili upande ule usiinuke mota ikivuta. Kigari kikapanda ubao bila kuyumba.

Siku ya mwamba tuliwakuta wanatafuna tambuu na kutema. Mate mekundu yalikuwa yametapakaa mawe yote. Bisibisi zao walikwisha kuzipanga juu ya taulo, kama watu wanaosubiri nyama iive.

"Shemeji, mpira wa boksi huo?" Ku alicheka. "Maandazi je, hukutuletea?"

Wakaangua kicheko. Pi-hsia alikuwa anatazama kigari cha Ku, miguuni pake. Nami nikatazama. Kwenye skrubu za shokapu za nyuma kulikuwa na matone mekundu, makavu, ya kumeremeta.

Pi-hsia akashika rimoti. Kigari kilitambaa, kikainama ubavu, mpira ukavutika mpaka ukawa mweupe. Mtu mmoja akaokota bisibisi. Gurudumu lilibaki limeng'ang'ania jiwe, na kigari kikafika juu.

"Kinarudi nyumbani," alisema Mzee Lo, mkuu wa chama.

Pi-hsia akachuchumaa, akauweka mkono wake kando ya kigari cha Ku. Kucha zake alikuwa amezipaka asubuhi ile.

"Ndugu Ku, rangi yangu imekupendeza."

Wote wakainama kutazama. Ku alifungua shokapu zile, akamnyooshea kwa vidole vyenye mate ya tambuu. "Nilikuwa nakuja kukurudishia, shemeji. Wallahi vile."

"Kaa nazo. Haziingii tena nyumbani kwangu."

Njiani Pi-hsia alifuta mate ya tambuu magurudumuni kwa leso, kisha akaitupa leso.

Kigari kiko juu ya kabati na mpira wake. Zile shokapu mbovu bado zinavuja. Chini yake Pi-hsia ameweka kisahani cha kukinga mafuta, na kila nikienda kumtembelea namkuta anakifuta na kukirudisha.