Mama Kahamia kwa Mashine

Leo mama yangu kanikataa kwenye simu. Jamani!

Mimi ni fundi cherehani hapa Manundu. Juzi niliweka ile sauti ya kike ya kompyuta ipokee simu wakati nashona: "Asante kwa kupiga. Tafadhali acha ujumbe."

Asubuhi mama kapiga kutoka Magoma, kaacha ujumbe.

Mchana kapiga tena. Nikawahi kupokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Wewe unanikatizaga. Kata, nimpate yule dada. Yeye ananisikiliza mpaka namaliza."

Nikakata. Ikaita, nikaiacha.

Kisha nikaacha cherehani, nikasikiliza ujumbe wote. Maharage, goti lake, mbuzi wa jirani.

Mwisho kaiambia mashine: "Na huyo mwanangu, mhimize ale."

Haya, nimekula, nimeshiba. Nani mwingine kanyang'anywa mama?