Vitalu Kumi na Vinne vya Mlali

Mwajabu alipigwa mara ya kwanza kwa sababu ya jina. Alikuwa na miaka tisa, dukani kwa baba yake kule Kondoa, ameambiwa aandike kila gunia la mahindi ni la nani. Palipotakiwa Hashimu akaandika Hassani. Gunia likaondoka na asiyekuwa mwenyewe, na kabla ya adhuhuri wanaume wawili walikuwa wanang'oana meno mlangoni. Walipoamuliwa, baba akachukua bakora. Mtoto alichapwa mpaka gauni likagandana na mgongo. Hakulia. Baba mtu aliliona hilo ni jeuri, akaongeza nyingine tatu.

Alikua mwanamke mkavu, mwenye haraka, asiyependa kurudia neno. Alipofikisha miaka thelathini na mbili alikuwa amepanga fremu ya duka Chang'ombe, mjini Dodoma. Mbele alifanya steshenari, akitoa kopi na kuchapa barua. Nyuma ya pazia palikuwa na meza aliyotengenezea tovuti za watu. Mteja wake mmoja alikuwa ushirika wa wakulima wa alizeti wa Mlali, wilaya ya Kongwa. Katibu wake, Ludovick, alikuja siku moja amekunja uso.

"Dada Mwajabu, ile fomu ya kuomba vitalu vya kulima imetushinda. Kila mtu anaandika jina la kitalu anavyolijua yeye. Kitalu kimoja kina majina sita!"

Mwajabu alicheka. Hilo aliliweza. Kwenye tovuti ya ushirika tayari kulikuwa na ukurasa wa vitalu vyote: jina la kitalu, ukubwa wake, na jina la anayekilima. Akaifanya fomu iwe inasoma ukurasa ule. Kuanzia siku hiyo mwombaji hakuandika kitu. Alifungua orodha akachagua. Orodha nayo ilijijaza yenyewe. Ludovick akiweka jina la mkulima kwenye ukurasa, kitalu kile kilitoweka kwenye fomu bila mtu kuigusa.

Ilibaki kuiambia fomu itajuaje kwamba kitalu kiko wazi. Ludovick alikuwa ameshasimama, anawahi basi. Mwajabu akaamua peke yake: pasipo na jina la mkulima, kitalu kionyeshwe. Hakuuliza kwa nini jina halipo.

Vitalu kumi na vinne havikuwa na jina. Vilikuwa vya wazee waliolima pale tangu ushirika haujazaliwa, watu ambao hawakuona sababu ya kwenda kujiandikisha kwenye ardhi walikozikwa baba zao. Katika siku tisa vyote vilichaguliwa na watu wa mjini, kila mmoja akapata barua yenye muhuri wa ushirika. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Barua zilijitoa zenyewe, kama Mwajabu alivyozipanga.

Kimoja kilikuwa cha mzee Petro. Asubuhi moja ya Januari alisikia trekta, akatoka. Alizeti yake ilikuwa imefika magotini, na trekta lilikuwa limeshageuza mistari mitano. Dereva, Ulimboka, mtu wa Mbeya mwenye watoto wanne, alizima injini akamwonyesha karatasi.

"Mzee, shikamoo. Mimi nimetumwa tu. Mwenye kitalu amekichagua mtandaoni."

"Mwenye kitalu ni mimi. Hii alizeti imepandwa na nani, mizimu?"

"Barua ni hii hapa, mzee. Nipishe."

Petro alisimama mbele ya gurudumu. Ulimboka akashuka, akamshika bega, akamsukuma. Mzee aliangukia chuma cha trekta kwa mdomo, akainuka anatema meno. Panga lilikuwa kiunoni mwake, akalichomoa. Ulimboka aliinua mkono kujikinga, na vidole vitatu vikaangukia kwenye tuta. Pigo la pili lilimpata shingoni, likateleza kwenye mfupa. Petro angepiga la tatu kama mkewe, Priska, asingemrukia mgongoni na kumng'ata mkono mpaka akaachia.

Polisi walimchukua Petro mchana huohuo. Asubuhi iliyofuata madereva wenzake Ulimboka walifika na galoni la petroli, wakaichoma nyumba ya mzee pamoja na ghala la mtama. Mbuzi wawili waliungulia zizini wakilia kama watoto.

Ludovick alipiga simu akihema. "Dada, ifunge hiyo fomu! Watu wanauana huku!"

Mwajabu aliifunga wakati bado wanaongea. Kisha akafungua ukurasa wa vitalu, akaziona zile nafasi kumi na nne tupu. Alielewa palepale.

"Wanasema nimeuza ardhi yao," Ludovick alisema. "Njoo uwaeleze. Mimi hawanisikilizi."

Angeweza kubaki Chang'ombe na kufunga pazia. Alichukua kompyuta yake, akapanda basi la Kongwa, na kutoka pale akakodi bodaboda.

Alikuta ofisi ya ushirika imezingirwa. Ludovick alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, shati halina mgongo, sikio moja limechanika na linaning'inia. Wanaume walikuwa wanampokezana. Mmoja alimpiga teke la mbavu, na Mwajabu akausikia mfupa ukivunjika. Mwingine alikuwa anainua mpini wa jembe juu ya kichwa chake.

"Si yeye!" Mwajabu alipiga kelele. "Fomu niliitengeneza mimi! Kosa ni langu!"

Mpini ukasimama hewani. Watu wakageuka wote.

"Kumbe ni huyu," alisema mtu, taratibu kabisa.

Jiwe la kwanza lilimpata jicho la kushoto. Hakuliona likitoka wala hakujua nani kalitupa. Alianguka, wakamjia kwa miguu. Walimkanyaga vidole, wakamvuta kwa mtandio ukamkaba, wakampiga fimbo palepale baba yake alipopenda kupapiga. Mkono aliokumbatia nao kompyuta ulivunjika kwa pigo moja la jembe, na la pili likaipasua kompyuta vipande. Damu ilimjaa mdomoni. Jambo lililomshangaza baadaye ni kwamba hakuogopa. Aliwachukia. Alitamani apate panga.

Priska ndiye aliyewafukuza, na hakufanya hivyo kwa huruma. Alikuja na fimbo ya kuchungia, akampasua kipaji cha uso mwanamume wa kwanza aliyemkuta, kisha akasimama juu ya Mwajabu, mguu huku na mguu huku.

"Wapumbavu nyie! Mume wangu yuko rumande! Mkimuua huyu, nani atasimama mahakamani aseme kilichotokea?"

Walisita. Kusita huko ndiko kulikolipa gari la polisi nafasi ya kufika.

Jicho lilitolewa hospitalini, Dodoma. Mkono ulifungwa vyuma. Kaka yake, Masudi, alikuja kutoka Kondoa, akakaa pembeni ya kitanda akisaga meno.

"Wamekutoboa jicho, halafu unataka kwenda kuwatetea?"

"Siendi kumtetea mtu. Naenda kusema nilichofanya."

Mahakamani aliulizwa na hakimu mwenyewe.

"Kwa hiyo pasipo na jina, wewe ulichukulia shamba halina mtu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ulikwenda kuona?"

"Hapana, mheshimiwa."

Ulimboka aliruka kutoka kwenye benchi, ameinua mkono wenye vidole viwili. "Na mimi je? Mimi nilichagua nini kwenye hiyo fomu yenu?" Askari wawili wakamkalisha kwa nguvu.

Petro alifungwa miaka miwili. Wengi walitarajia saba. Waliochoma nyumba walifungwa pia. Vitalu vilirudi kwa wazee, majina yao yakaandikwa kwenye ukurasa, na Ludovick akaacha ukatibu akarudi kwao Kibakwe. Aliyetupa lile jiwe hakutajwa na mtu.

Mwajabu bado anatengeneza fomu zinazojijaza. Akikuta nafasi tupu, fomu inakwama, na yeye anakwenda kuangalia kwa jicho lake lililobaki. Wateja wengine wamemkimbia. Wanasema anachelewesha kazi. Yeye hawabembelezi.

Mwaka uliofuata alikwenda nyumbani kwa Ulimboka kuomba radhi. Alimkuta uani, anajaribu kufunga boliti kwa mkono mmoja. Alipomaliza kusema, Ulimboka aliinuka na kumpiga kofi kwa ule mkono mbovu, akampiga tena, na Mwajabu hakuinua mkono wake. La tatu halikufika. Ulimboka alikaa chini kwenye tairi kuukuu, akaanza kulia kwa sauti, na mkewe akatoka ndani.

"Dada, umeshasema," mwanamke yule alimwambia. "Sasa nenda."

Akaenda.