Mama Aliponiamkia

"Shikamoo."

Ilikuwa sauti ya mama, na aliyekuwa akisemeshwa ni mimi. Neno lilitoka dogo, likashuka mwishoni kama linavyoshuka kinywani mwa mtoto aliyeinamisha kichwa mbele ya mkubwa wake. Kisha pakawa na kimya, kimya cha mtu anayengoja kuitikiwa. Baada ya hapo akaendelea kama kawaida: mvua imechelewa, mahindi ya jirani yamelazwa na upepo, baridi ya mwaka huu si ya kuchezea.

Nilikuwa jikoni, katika fleti tunayoishi kwa kuchangiana huku Al Nahda, nangoja birika lichemke. Simu za mtandao tulizozizoea nyumbani hazipiti Dubai, kwa hiyo mimi na mama tumezoea kutumiana rekodi: yeye huzungumza akiwa barazani kwake Njombe, mimi humsikiliza nikiwa chumbani au ndani ya metro, kisha humjibu. Nilirudisha rekodi mwanzo na kuisikiliza upya. Neno lilikuwa lile lile, na kimya kilikuwa kile kile.

Mama alifundisha shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Sisi wanawe tulijua kuamkia kabla ya kujua kusoma, na aliyepita mbele ya mtu mzima bila salamu alirudishwa mlangoni akaingie upya. Mkubwa hamwamkii mdogo. Wako wazazi wanaowaamkia watoto wao kwa utani ili kuwakumbusha adabu. Mama hakuwa mmoja wao, kwa kuwa kwake salamu haikuwa jambo la kufanyia utani.

Mwenzangu wa chumba, Mkenya anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja, alinikuta nimebandika simu sikioni huku birika likifoka mvuke.

"Nini mbaya?"

"Mama ameniamkia."

"Amekuamsha? Saa hii?"

"Ameniamkia. Ameniambia shikamoo."

Akacheka hadi akashika kaunta. "Ati hiyo ndiyo shida? Labda ameheshimu hiyo masters yako. Sisi kwetu tunaambiana 'sasa' na maisha inaendelea."

"Kwetu haiwezekani."

"Aki wewe unafikiria sana. Ulimi umeteleza, khalas, imeisha. Kunywa chai."

Nilikunywa chai. Lakini nasomea takwimu, na sehemu kubwa ya mafunzo yangu ni kutenganisha kosa la bahati na kosa lenye mpangilio. La kwanza hutokea na kupita. La pili lina chanzo, na litarudi. Tukio moja halithibitishi chochote, nilijiambia, kisha nikafanya kile ambacho sentensi hiyo ilipaswa kunizuia nisikifanye: nikafungua rekodi za nyuma na kuanza kuzisikiliza kwa mpangilio. Katika moja mama alisimulia kifo cha mbuzi. Katika iliyofuata alikisimulia tena, kwa mshangao ule ule. Mahali pengine alishindwa kutaja mwiko, akauita "kile cha kusongea". Mahali pengine aliniuliza kama tumefunga shule, kana kwamba bado niko darasa la msingi. Nilipata nilichokuwa nikikitafuta, jambo ambalo peke yake lapaswa kumtia shaka mtu wa takwimu. Halikunitia shaka. Lilinitia baridi.

Siku chache baadaye niliweka salio na kumpigia kwa simu ya kawaida, mchana, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba ya chuo. Nilikuwa nimepanga maswali madogo ambayo asingeyatambua kuwa ni mtihani: amepika nini, nani amepita, leo siku gani. Alipokea, nikasema, "Hallo, mama." Naye, kabla sijaendelea, akasema upesi, kwa furaha ya mtu aliyechelewa kufunguliwa mlango:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema.

Sikuamua kulisema. Yeyote aliyelelewa ndani ya salamu hii anajua kwamba jibu hutangulia fikra. Mdomo unaitikia kama goti linavyoruka likigongwa. Ila lilikwisha toka, na upande wa pili nilimsikia mama akitulia. Alitulia kabisa. Akaniuliza, "Utarudi lini kutoka shamba?"

Aliyeulizwa hivyo alikuwa bibi yangu, mama yake, aliyefariki kabla sijaanza shule. Ndugu wote husema nimechukua sauti yake.

"Nitarudi jioni," nikasema.

Kisha nikakata simu, na kumwandikia ujumbe kwamba mtandao umesumbua.

Sikumpigia tena. Nilituma maandishi mafupi yasiyohitaji jibu. Njombe, mama anaishi na mdogo wake, mama yangu mdogo, ambaye angeweza kunieleza kila kitu kwa dakika chache, na kwa sababu hiyo hiyo sikumpigia. Rekodi mpya za mama zilipofika niliziacha zikae bila kufunguliwa. Na kwa kuwa nililelewa kanisani, kutokupiga simu kwangu nilikutafutia andiko.

Lilipatikana bila shida. Tumeambiwa tusisumbukie ya kesho, na mimi nikalifanya agizo hilo kuwa ruhusa. Nikaliandika kwenye karatasi, nikaibandika juu ya meza. Nilisali pia, asubuhi na jioni, kwa maneno mapana yasiyomgusa mtu: Bwana, walinde wa nyumbani. Leo nikiyatazama maombi yale, naona kwamba hata mbele za Mungu nilikuwa natuma maandishi mafupi yasiyohitaji jibu.

Hofu haikupungua, iliongezeka adabu tu. Ilikaa kimya nilipokuwa darasani na kunisubiri kwenye lifti. Niliogopa kwamba mama atatoka na kupotea njia ya kisimani anayoifahamu tangu utoto. Niliogopa kwamba atakufa akiamini kuwa mama yake alimwahidi kurudi jioni na hakurudi. Siku nilipofika kwenye geti la metro na kukuta nimesahau kadi, nilisogea pembeni nikasimama ukutani, watu wakipita, nikijiuliza kama ndivyo jambo lenyewe linavyoanza, na kama limo tayari ndani ya damu yangu. Kadi ya kawaida, iliyosahauliwa juu ya meza kama kadi za watu wote. Sikuweza kuiona hivyo.

Jumapili alasiri tunakutana na Wakristo wenzetu wa Kiswahili katika nyumba moja ya Al Twar, viatu vikiwa vimerundikana mlangoni. Mzee wa ushirika wetu ni dereva wa basi la shule, Mtanzania mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Somo la siku ile lilikuwa hofu na mashaka. Alipofungua nafasi ya maombi, alisimama dada mmoja anayelea watoto wa madam wake huko Discovery Gardens. Alisema binti yake, aliyemwacha akiwa bado ananyonya, sasa anamwita bibi yake mama. Akionyeshwa picha ya mama yake mzazi kwenye simu, anauliza, huyu ni nani?

Mzee hakumwacha alie. Akapaza sauti ya nabii: "Je, mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye?"

"Hawezi!" tukaitikia.

"Sijasikia. Aweza?"

"Hawezi!"

"Yalla, semeni kama watu waliokula! Na kama mama hawezi kumsahau mtoto, mtoto naye atamsahau mama?"

"Hawezi!"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, na yule dada akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akitabasamu. Mimi nilikuwa nimefungua Biblia mahali penyewe, kwa mazoea tu ya kuhakikisha chanzo cha kila kilichonukuliwa. Jicho likapitiliza alama ya kuuliza. Baada yake kulikuwa na neno ambalo hakuna aliyelisoma.

"Mzee," nikasema, "mstari haujaisha."

"Haya, msomi wetu. Tumalizie."

Nikasoma. "Naam, hawa waweza kusahau."

Nilisoma na kipande cha mwisho, ambamo Mungu anasema yeye hatasahau, lakini nadhani hakuna aliyekisikia. Masikio yalikuwa yamebaki kwenye ile naam. Mtu mmoja nyuma akasema "Amina" kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama amina inatakiwa hapo.

"Msomi ametuharibia amina," mzee akasema, watu wakacheka kidogo. Kisha akatazama Biblia yake mwenyewe kwa muda. "Imeandikwa kweli. Tuimbe."

Tulipokuwa tukitafuta viatu mlangoni, yule dada alinijia. Hakuwa na hasira usoni, jambo lililofanya maneno yake yawe mazito zaidi.

"Ungeniachia ile nusu, dada. Ningelala nayo wiki hii."

Nikaanza kumweleza kwamba nusu ya pili ndiyo yenye ahadi. Akanisikiliza hadi mwisho, akavaa kiatu cha pili, akasema, "Sawa," na kushuka ngazi.

Nilirudi kwa basi. Nilijaribu kujitetea kichwani, kwamba usahihi ni usahihi, kwamba andiko halikatwi katikati ili limpendeze msikilizaji. Hoja ilikuwa nzuri, na haikufika hata kituo cha pili, maana nilikumbuka karatasi iliyokuwa juu ya meza yangu. Maneno yale ya kesho nayo yana mwisho wake, na mwisho huo sikuuandika: kwamba siku iliyopo ina ubaya wake, nao unatosha. Nilikuwa nimelala na nusu kwa muda mrefu kuliko yule dada.

Niliwaza, dirishani, jinsi nilivyoisumbukia kesho kwa bidii. Kupotea kwa mama, kifo chake, damu yangu, yote yalikuwa ya kesho, na kwa kuwa yalikuwa ya kesho hayakunidai kufanya lolote. Ndiyo maana nilikaa nayo. Ubaya wa leo ulikuwa mdogo kuliko yote hayo, na ulikuwa na namba ya simu. Nabii hakuikimbia ile naam. Aliuliza swali ambalo kila moyo unataka lijibiwe hapana, akalijibu ndiyo, waweza, na hapo ndipo akaweka ahadi. Ningependa kusema ahadi ile ilinifariji. Haikunifariji. Kwamba Mungu hatanisahau ni jambo ninaloliamini. Lakini si Mungu aliyenifundisha kufunga vifungo vya sare ya shule, na si sauti yake niliyotaka initambue kwenye simu.

Niliposhuka Al Nahda sikupanda juu. Nilisimama pembeni ya duka la dobi lililo chini ya jengo letu, mvuke wa pasi ukitoka mlangoni, nikampigia mama mdogo. Tulisalimiana. Akaniuliza masomo, akaniuliza joto, nikajibu. Kisha nikasema sentensi ambayo sikuwahi kuitamka, hata kwa kunong'ona, hata nikiwa nimepiga magoti.

"Mama ananisahau."

Nilisikia redio ikipunguzwa.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimemsikia mwenyewe."

"Ngoja nitoke nje."

Mlango ulilia, kisha zikaja sauti za kuku na upepo.

"Juzi kaniuliza mimi nani," akasema. "Kaniuliza kwa heshima kabisa, kama mgeni. Nikaona nikimwambia mimi mdogo wako, ataona haya. Nikamwambia mimi jirani, nimekuja kuomba chumvi."

"Akasemaje?"

"Kanipa! Mama yako mchoyo wa chumvi maisha yake yote, kanijazia kiganja. Nikashukuru, nikatoka nayo, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa uani." Alikuwa anacheka, nami nikaanza kucheka naye, kisha kicheko chake kikakatika na sikujua nifanye nini na changu. "Nikamkuta jikoni. Akaniambia, mdogo wangu, jirani kaja kuomba chumvi, wewe ulikuwa wapi?"

Mtu wa dobi alinitazama, akarudi kwenye pasi yake.

"Mbona hukuniambia, mama mdogo?"

"Una mitihani. Halafu ningekwambia nini? Hospitali tumekwenda, wamesema ni maradhi ya kusahau, yanaenda mbele tu. Nikasema acha mmoja wetu abaki naye kama alivyokuwa."

"Nataka kuja nyumbani."

"Njoo."

"Naogopa nitakuta nini."

"Utamkuta mama yako," akasema. "Kama na yeye atakukuta wewe, hilo siwezi kukuahidi, mwanangu."

Nikasema nimesikia. Akasema basi tuombe kabla salio halijaisha, nami nikasema haya, tuombe. Nikafumba macho pale pale ukutani na kungoja aanze, naye, kwa jinsi nilivyomsikia akivuta pumzi, alikuwa akiningoja nianze mimi.