Chai Iliyokwisha Kunywewa

Enzi zetu pale Sumbawanga chai ilikuwa kinywaji, si pozi. Siku hizi kijana hainywi mpaka aipige picha. Ikipoa anaipasha, akishaipasha anaipiga picha tena. Sisi tulinyimwa baraka hizo. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita ilitutoa kitandani alfajiri, tukanawa uso kwa maji yaliyokuwa yakifikiria kuganda, tukakimbilia jikoni kugombea vikombe vya bati vilivyounguza midomo. Kwa kuwa hakuna aliyetueleza kwamba tunateseka, tulifurahi.

Majani ya kila siku yalikuwa ya dukani, laini kama vumbi. Lakini kabatini mlikuwa na kopo la majani mengine, makubwa na yaliyojisokota, ambayo mama aliletewa na kaka yake kutoka milima ya Rungwe. Hayo yalikuwa ya wageni. Sisi watoto wa nyumbani hatukuwa tumefikia cheo hicho.

Nikiwa darasa la nne, mimi na jirani yangu Leokadia tulikuwa tukicheza kupikapika nyuma ya nyumba. Wasichana wengine walipika mchanga. Sisi, watu wa hadhi, tulipika majani ya Rungwe, siku baada ya siku, mpaka kopo likabaki na harufu tu. Nikatumia elimu yangu yote: nikakusanya makapi ya chai ya asubuhi, nikayaanika kwenye ungo, yakakauka, nikalijaza kopo. Nilijiona mhandisi.

Jumapili iliyofuata wakaja wazazi wa kijana mmoja kumposa dada yangu Teodora. Baba hakuwa amemkubali yule kijana kwa urahisi, kwa hiyo dada alikuwa hajala tangu jana yake. Mama akaingia jikoni mwenyewe. Nilimwona anatia majani, anachungulia sufuria, anaongeza, anachungulia tena. Mwisho akamimina hivyo hivyo, wageni wanasubiri.

Mama Edina, mama mzazi wa kijana, alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Alionja, akaweka kikombe chini.

"Mama Teodora," akasema taratibu, "chai hii ilishanywewa."

Kumpa makapi mtu aliyekuja kuposa ni kumwambia arudi kwao. Baba akatazama dari. Mlangoni, dada alianza kulia bila sauti, na hapo ndipo uhandisi wangu uliponiishia. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama. Ni mimi." Nikaeleza yote, hata ungo.

"Marahaba. Ulianika siku ngapi?"

"Mbili."

"Hukuyageuza. Yamevunda kidogo."

Kisha akacheka, mpaka baba naye akathubutu kuacha dari. Kumbe usichana wake wote aliumalizia akichuma chai Rungwe. Akatuambia kwamba kule juu, kwenye baridi na ukungu, jani hukua polepole, na ladha yake hutoka kwenye huko kutokuwa na haraka. Huchumwa majani mawili na chipukizi lake, yakanyaushwa, yakasokotwa, yakaachwa yageuke rangi ya shaba, ndipo yakakaushwa.

"Watu wamehangaika hivyo," akaniambia, "halafu wewe unapikia wanasesere."

Akatoa kwenye kikapu pakiti aliyotuletea zawadi. Maji yakachemka, akaepua, akatia majani, akafunika. Ilitoka chai nyekundu, angavu, kali kidogo ulimini, yenye harufu kama ya maua. Hata mimi nilipewa. Posa ikapita.

Mama alitabasamu mpaka wageni walipofika barabarani. Kilichofuata kilihusu fimbo ya mpera. Leo wangekiita ushauri nasaha.

Mama Edina alikwishatangulia mbele ya haki. Mwaka jana nilimtembelea dada, mjukuu wake akaniletea maji ya uvuguvugu yenye kijifuko kinachoning'inia kwa uzi.

"Hii chai imetoka wapi, baba?" nikamuuliza.

"Dukani, bibi. Ina ladha ya stroberi," akajibu, macho kwenye simu.

Nikamshukuru. Kizazi kilichoendelea hakina haja ya chai yenye ladha ya chai. Dada alinitazama, akanyanyuka, akabandika sufuria. Tulikunywa wawili tu, polepole, na hakuna kijana hata mmoja aliyetuuliza ile harufu ni ya nini.