Bibi na Filamu Iliyoisha kwa Msiba

Sisi tuliokulia Kilole enzi za mabanda ya video, Jumamosi ilikuwa na harufu yake: vumbi, karanga za kukaanga na jasho la watoto waliobanana kwenye mabenchi, macho yote kwenye runinga moja yenye chenga. Filamu zilikuwa za Kihindi, ndefu, zenye wimbo kila baada ya ngumi. Hatukuelewa neno, lakini nyimbo tuliziimba zote, kwa Kihindi chetu wenyewe.

Bibi, mama yake mama, miguu ilikuwa imekataa kutembea. Kwa hiyo dada yangu Zubeda na mimi tulimpelekea filamu nyumbani. Yeye akichambua kisamvu mkekani, mimi nasimulia mapigano, Zubeda anaimba huku akizunguka nguzo ya baraza kana kwamba yuko bustanini.

Jumamosi moja filamu iliisha vibaya. Kijana alipigwa risasi, akafia mapajani mwa mchumba wake. Tulirudi tukigombana njia nzima.

"Tumwambie wameoana," alisema Zubeda.

"Huo uongo. Si tumeona amekufa?"

"Babu hata arobaini yake haijafika, wewe! Unataka Bibi afiwe mara mbili?"

Tulipofika, Zubeda akasimulia harusi ya kifahari: farasi, maua, na pilau, maana India ya Zubeda haikukosa pilau. Bibi alitabasamu kama mtu anayeitikia salamu tu. Kisha akauliza, "Na huyo bibi harusi, ana furaha kweli?"

Ulimi ukaniteleza. "Bibi, hakuna harusi. Kijana alikufa."

Zubeda alinifinya hadi nikaruka. Bibi aliweka ungo chini. Kwenye msiba wa Babu watu walimsifu kwa uvumilivu. Hakuna aliyemwona akitoa chozi. Siku ile, kwa ajili ya Mhindi asiyemjua hata kwa jina, alilia mpaka kanga ikalowa. Mama alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, tayari kunichapa. Bibi akamzuia.

"Mwache. Amenisimulia vizuri." Akajifuta uso, akamgeukia Zubeda. "Na wewe, mama, Jumamosi ijayo niletee ya harusi. Lakini iwe harusi kweli."

Ndiyo maana watu wakibishana leo, filamu za nyimbo ziishe kwa raha za hadithi au kwa jinsi mambo yalivyo duniani, mimi nashindwa kushika upande. Nilimwona Bibi akizihitaji zote mbili.

Wanangu wananicheka. Wao nyimbo wanaziruka, na mwisho wanautazama kwanza, wajue kama inafaa kupoteza muda. Kila mmoja na simu yake, waya masikioni. Juzi nilimkuta binti yangu kwenye kochi, machozi yanamtiririka. Nikakaa kando yake.

"Imeishaje, mama?" nikamuuliza.

"Nitakutumia, utaiona mwenyewe."

Akanitumia. Tumekaa kochi moja.