Kucha ya Fundi

Fundi wa Kendu Bay haridhiki kukitazama chuma kwa macho tu. Akishafungua injini hutandaza gunia, huviosha vipuri kwa dizeli, kisha hupitisha kucha ya kidole gumba juu ya kimoja kimoja, kichwa kimeinama kana kwamba ananong'onezwa. Kisichokwaruza hukiweka kando kirudi kazini. "Hii bado iko na nguvu," husema, kwa sauti ya mtu anayemsifu mtoto wa jirani. Jumanne hiyo kazi ilikuwa pikapu kuukuu ya Phanice, inayobeba mihogo kutoka Magunga. Phanice alitaka kila kitu kiwe kipya, asije akakwama tena njiani karibu na mbuga ya Ruma. Fundi akakataa: pistoni zilikuwa nzima, ringi tu ndizo zilizokwisha. Lakini alipofika kwenye beringi moja, kucha ilisimama. Akairudia. Akavua kofia.

"Hii niliweka mimi mwaka juzi, mama," akasema, "na nilikaza vibaya. Ndio maana gari ilikuzimia."

Phanice asingejua kamwe. Alimtazama pale alipochuchumaa, hasira ikakosa pa kushika.

"Basi hiyo mpya uifunge wewe mwenyewe," akamwambia, "si mtu mwingine."