Ngozi Iliyeyuka, Kuvu Ikabaki

Mpaka leo nikiona unyoya wa kuku mkononi mwa mtu wa hospitali, damu inanichemka. Kwa unyoya walimtenga dada yangu na mtoto wake anayenyonya, na hakuna aliyeomba radhi, si yule aliyeushika wala yule aliyesimama akitazama.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Kingi. Sisi kwetu ni Bihambwe, watu wa maharage na muhogo, na mimi nilikuwa nimefunzwa kazi ya labo, nikawa natazama vinyesi na makohozi katika dispanseri moja upande wa Masisi. Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya uhuru. Madaktari wa kizungu walikuwa wameondoka, na muuguzi mkuu, ambaye wote tulimwita Munganga, ndiye aliyekata kila shauri. Mikroskopi ilikuwa moja, na wa kuitumia nilikuwa mimi peke yangu.

Dada alitokwa na mabaka ya mviringo mgongoni na mikononi, kingo zimeinuka, katikati pamepauka. Akawa anajikuna. Naomba hilo lieleweke, maana baka la ukoma limekufa ganzi, haliwashi. Dada yangu alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka akatoka damu, na kijiji kizima kinamwona. Lakini baba mkwe wake aliogopea nyumba yake, akamleta kwa Munganga siku ambayo mimi nilikuwa nimelala na malaria.

Munganga alimfunga macho kwa kitambaa, akampitishia unyoya juu ya mabaka.

"Mama, nikikugusa, useme njo," akamwambia, yaani ndiyo.

Na baba mkwe alikuwa pale pale, kofia mkononi, hatua mbili kutoka kitini. Kwetu mke hafungui kinywa kusema habari za mwili wake mbele ya baba mkwe. Hata jina la mzee huyo halitaji. Munganga alilijua hilo vizuri kuliko mimi, ambaye sikuwa nimeolewa, kwa sababu mke wake mwenyewe aliishi hivyo hivyo. Hakumtoa mzee nje. Aligusa, dada akanyamaza. Aligusa tena, akanyamaza. Basi akaandika kwenye fishi, ile kadi ya mgonjwa, kwamba hahisi kitu, na kabla ya wiki kwisha dada alipandishwa kamio ya mizigo kwenda kambi ya wakoma, huko chini msituni, Walikale. Mtoto wake, msichana ambaye hajaanza hata kutembea, alibaki Kingi kwa mama mkwe.

Nilipopata nguvu ya kusimama nilikwenda kumuuliza Munganga. Akanionyesha fishi. Nikamwambia dada anajikuna.

"Dada, wewe uko wa labo," akasema. "Kazi yako iko mavi na makohozi. Ngozi iko yangu."

Niliomba nafasi kwenye kamio iliyokuwa ikipeleka maharage Walikale. Dada nilimkuta kambini amejikaza kifua kwa kitambaa, maziwa yamemjaa na hakuna wa kuyanyonya. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Mbele ya Papa-mukwe?" akajibu. "Ningesema nini?"

Nilimgombeza huku analia, na hilo najilaumu nalo. Kisha nikachukua wembe, nikakwangua ukingo wa baka moja, magamba nikayafunga ndani ya karatasi safi.

Ili kuona kuvu ndani ya ngozi, unahitaji potasi ya kuilainisha ngozi kwanza. Dispanseri haikuwa na potasi hata ya dawa. Nikarudi Bihambwe kwa mama, nikachukua maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yale anayotia kwenye maharage magumu ili yaive. Nikaongeza chokaa ya kupaka nyumba, nikayaacha yatulie, nikayachuja, nikayachemsha mpaka yakabaki kidogo na makali sana. Magamba ya dada yalikaa humo tangu asubuhi mpaka saa kumi. Ngozi iliyeyuka kama uji. Kuvu ilibaki.

Kwa nini ilibaki, sikujua wakati ule. Nilikuja kufundishwa baadaye, nilipopelekwa masomoni. Kila seli ya kuvu ina ukuta, na ukuta huo unajengwa na vimeng'enya, au anzimu kama tulivyosema kwa Kifaransa. Anzimu moja huunganisha sukari na sukari nyingine mpaka ipatikane kamba ndefu ya kitini, kitu kile kile kilicho katika gamba la panzi, ambacho potasi haikiyeyushi. Nyingine hutengeneza kamba za namna tofauti za kushikilia zile za kwanza. Na nyingine kazi yake ni kukata: hulegeza ukuta kidogo pale kwenye ncha ili uzi urefuke, kisha wajenzi wanaziba. Ni kama mtu anayeongeza chumba huku bado analala katika nyumba ile ile. Akibomoa kupita kiasi nyumba inamwangukia, asipobomoa kabisa haiongezeki. Tena kuna anzimu ambazo kuvu huzitoa nje ya ukuta zikaile ngozi yetu. Nilipoelezwa hayo darasani nilikasirika upya. Kitu kisicho na macho wala kichwa kilikuwa na uangalifu wa kazi kumshinda Munganga.

Kwenye mikroskopi niliona nyuzi nyembamba zenye matawi, zimegawanyika vipande vipande kama mwanzi. Nilimwita Munganga. Akainama, akatazama kwa haraka.

"Hii iko nyuzi za nguo."

"Papa, uzi ya nguo inatoa matawi?"

Akainama tena, safari hii akakaa muda mrefu. Aliponyanyuka hakunitazama usoni. Alikuwa amejua.

"Karatasi ilishaandikwa," akasema. "Sasa niandike nini? Kama nilikosa?"

"Njo hivyo, Papa. Andika kama ulikosa."

Hakuandika kwamba alikosea. Nilimpa dereva wa kamio marhamu ya asidi ampelekee dada, na mabaka yakaisha kabla mvua hazijakatika. Munganga alijua yameisha, lakini akaendelea kunizungusha: leo muhuri umepotea, kesho mkubwa wake hajajibu. Mtoto akajifunza kutembea bila mama yake kuona. Akajifunza kusema. Yote hayo kwa sababu mwanaume mzima alishindwa kuandika mstari mmoja. Mwaka ulikuwa umekwisha na nusu ya mwingine aliponiita, akanipa karatasi iliyokunjwa. Haikusema kwamba dada hakuwa na ukoma. Ilisema amepona ukoma.

Nilimwambia atengue. Akasema nikiitaka niichukue, nisipoitaka niiache. Nikaichukua, kwa sababu bila karatasi kambi haikumwachia mtu.

Tulifika Kingi mchana, dada na mimi. Katekista aliisoma karatasi uani, kwa sauti, mbele ya wote. Katika maneno yote aliyosoma, watu walisikia moja tu. Wanawake wawili waliokuwa wakija kumkumbatia dada walisimama njiani. Baba mkwe alisema mgeni apewe maji.

Aliyeyaleta alikuwa mtoto, sasa binti mdogo mwenye nywele zilizosukwa na mtu mwingine. Hakuyaleta ndani ya kikombe. Aliyaleta ndani ya jani la mgomba lililokunjwa, kama alivyofundishwa kuwapa watu wa namna hiyo, akaliweka chini na kurudi nyuma.

"Mama, kunywa," akasema, kama anavyomwita mama mwanamke yeyote anayepita. "Ukimaliza, utupe."

Dada aliyanywa yote. Mtoto alisimama mbali, akingoja alitupe lile jani.